Gari la Kwanza kwa Mshahara wa Kiwandani

Vijana wangu wa Makongeni, Landless, Kihunguro na Kimbo, ninyi mnaoingia zamu ya asubuhi kabla jua halijachomoza na kutoka jioni mkinuka mafuta ya mashine, nimewasikia. Zamani kantini watu waliulizana nani amenunua ploti. Siku hizi ni nani amepata gari, na benki gani inatoa mkopo kwa mtu wa mshahara mdogo. Sina ugomvi na gari. Mtu anayetoka zamu ya usiku Ruiru na kusimama stejini gizani ana haki ya kulitamani. Lakini kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi katika kamati ya mikopo ya chama cha akiba cha kiwandani, kazi yangu ikiwa kusoma hati za mishahara za watu wazima wenye haraka, na mnaponiita Shosho kwa heshima, basi vumilieni pia ulimi wa Shosho.

Swali mnaloniletea ni moja: je, nitafuzu? Hilo si swali lenu, ni la mkopeshaji. Yeye anataka kujua kama pesa yake itarudi, basi. Habari ya utakula nini tarehe 20 haimo kwenye fomu yake, na wala si kazi yake kuiuliza. Kwa hiyo siku atakapokuambia umefuzu, jua amemaliza hesabu yake. Yako bado hujaianza.

Hebu tuianze. Tuseme mshahara wako kabla ya makato ni shilingi 45,000, na huo kwa fundi wa mashine hapa Thika si haba. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF huchukua asilimia 6, yaani 2,700. Bima ya afya ya SHIF, iliyoanza kukatwa Oktoba 2024 badala ya ile ya NHIF, huchukua asilimia 2.75, kama 1,238. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 675. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi ya mapato, na ukishapewa ile nafuu ya 2,400 ya kila mwezi, kodi yenyewe inakuwa kama 4,500. Unabaki na shilingi 35,888 hivi. Hizo ndizo pesa zako. Ajabu ni kwamba vijana wengi niliowahoji kwenye kamati walitaja mshahara wa kabla ya makato, kana kwamba serikali ingewasahau mwezi huo.

Sasa sheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Kwa 45,000, lazima ubaki na 15,000 mkononi. Makato yote pamoja hayapaswi kupita 30,000, na kwa kuwa serikali imeshachukua 9,112, nafasi iliyobaki kwa ajili ya mkopo ni 20,888. Hapo ndipo afisa wa mikopo anapotulia na kikokotoo chake. Gari ni la 800,000, wewe una 200,000 za kuanzia, unaomba 600,000. Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio, ukilipa kwa miezi 36, kila mwezi ni kama 21,094. Umezidi kwa mia mbili na kitu. Hukufuzu. Uso wako unaanguka, naye anatabasamu: tunyooshe iwe miezi 48. Sasa ni 17,004 kwa mwezi. Umefuzu! Mnapeana mikono. Lakini angalieni kilichobadilika. Gari ni lile lile, mshahara ni ule ule, ila riba imetoka kama 159,000 ikafika 216,000, na umefungwa mwaka mmoja zaidi. Miezi ndiyo iliyonyooshwa ili jina lako lipenye mlango wa kufuzu.

Hesabu yako inaanzia hapo walipomalizia wao. Toa 17,004 kwenye 35,888, unabaki na 18,884. Unakaa Ruiru, unafanya kazi Thika, kilomita kama 20 kwenda na 20 kurudi, siku 26 kwa mwezi. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakunywa karibu lita 70. Kwa bei ya 180 hivi kwa lita, ambayo EPRA, wadhibiti wa bei za mafuta, walikuwa wakitangaza kila tarehe 14 kwa sehemu kubwa ya 2025, hiyo ni 12,600. Unabaki na 6,284. Gari lenye mkopo wa benki lazima likatiwe bima kamili, si ile ya mtu wa tatu, na ikiwa ni asilimia 4 ya thamani, hiyo ni 32,000 kwa mwaka, kama 2,667 kwa mwezi. Umebaki na 3,617. Bado hujalipa nyumba. Hujanunua unga wala gesi, hujatuma kitu nyumbani, hujabadilisha mafuta ya injini, na tairi halijapasuka. Nani alikuambia umefuzu?

Nauli ya matatu, hata ukilipa mia kwenda na mia kurudi, ingekuwa 5,200. Ukiniambia gari litakuokoa nauli nitacheka mbele yako, na uniwie radhi.

Najua mtakachosema: Shosho, jirani yangu anapata kama mimi na ana Vitz nyeupe mlangoni. Usione vyaelea, vimeundwa. Huenda mkewe anauza sokoni na mapato yao ni mawili. Huenda baba yake aliuza kipande cha shamba Gatundu. Huenda gari limeegeshwa hapo siku 20 za mwezi kwa kukosa mafuta, naye anapanda ile ile 237 unayopanda wewe ila anashukia steji ya mbele usimwone. Nimewaona wa namna zote tatu.

Kuna jambo jingine kuhusu mji wetu ambalo hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Magari yanaundwa hapa hapa Thika. Kiwanda cha KVM kilianza mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya. Desemba 2016 Volkswagen ilirudi Kenya kuunganisha Polo Vivo humo, Peugeot ikafuata mwaka 2017, na baadaye mabasi ya umeme ya BasiGo yakapata safu yake humo humo. Lakini mwulize anayekaza nati katika viwanda vyetu anaota gari gani. Ataota lililotumika Japani miaka saba, kwa sababu hilo ndilo analodhani analiweza, na hata hilo limepanda. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Julai 2023 ushuru wa forodha ulitoka asilimia 25 ukafika 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, na ada nyingine ndogo ndogo. Unapoilipa yadi ya magari shilingi 800,000, sehemu kubwa ya pesa hizo haikununua chuma hata kidogo. Ni kodi, nawe umeikopa kwa riba.

Turudi kwenye kufuzu, maana sitaki mseme Shosho amekataza bila kufundisha. Mkopeshaji wa maana atataka hati za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya akaunti ya miezi sita au kumi na miwili, barua ya mwajiri, kitambulisho, PIN ya KRA, na hati ya bei kutoka yadi. Kisha atatuma mthamini wake, na ada ya mthamini huyo unalipa wewe. Kwa gari lililotumika atataka uweke chako kwanza, mara nyingi asilimia 20 hadi 40. Atatazama pia umri wa gari, asije akabaki na chuma chakavu ukishindwa.

Wengi hukwamia kwenye barua ya mwajiri. Nusu ya vijana wa viwandani kwetu wako kwenye kandarasi ya miezi mitatu mitatu, au ni vibarua wanaoitwa getini. Benki haiwezi kukukopesha miezi 48 juu ya kandarasi ya mitatu, na hapo haina makosa. Ila mjue haki yenu: kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anakuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Dai hilo lifuateni na chama chenu cha wafanyakazi kabla ya kufuata gari. Barua ya kazi ya kudumu itawafungulia milango mingi kuliko gari lolote, na ikikosekana, mkopo usubiri.

Jambo la pili linalokwamisha ni CRB. Benki Kuu imezipa leseni kampuni za kutunza historia za mikopo, miongoni mwake TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sheria inakupa haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka, na karibu hakuna kijana anayeichukua mpaka siku amekataliwa. Chukua leo. Deni la chini ya shilingi 1,000 halikuweki kwenye orodha mbaya, kwa amri ya Benki Kuu ya Aprili 2020, lakini zile elfu tatu ulizokopa kwenye simu ukabadilisha laini zinakungoja. Na usidhani kuzilipa leo kunafuta kila kitu, maana habari kwamba uliwahi kushindwa hubaki miaka 5 baada ya kumaliza deni. Ile Fuliza iliyoanza Januari 2019 nayo haijifichi. Taarifa ya M-Pesa yenye Fuliza kila baada ya siku mbili inamwambia afisa wa mikopo kwamba mshahara wako huisha kabla ya mwezi, hata ungevaa tai.

Benki ikikukataa, mtu wa pili ataonekana, tena haraka. Ana ofisi ndogo ghorofani, au kijikaratasi kimebandikwa kwenye nguzo pale steji ya Ruiru: mkopo wa gari kwa saa 24, hakuna maswali. Huyu habanwi na ile theluthi, maana sheria ile humfunga mwajiri anayekata mshahara, na huyu hapitii kwa mwajiri. Anasoma M-Pesa yako tu. Riba yake huitaja kwa mwezi ili isikushtue: asilimia 3. Unajiambia ni ndogo, benki si ilisema 16?

Keti nikuonyeshe. Umekopa 300,000 kwa miezi 24. Yeye hupiga asilimia 3 juu ya 300,000 yote, kila mwezi, hata mwezi wa mwisho ukiwa umebakiza elfu kumi na kitu tu. Riba ni 9,000 kila mwezi, ongeza sehemu ya deni 12,500, unalipa 21,500. Mwisho umelipa 516,000. Chukua sasa 300,000 hizo hizo kwenye chama cha akiba kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio: unalipa kama 14,122, na jumla ni 339,000 kasoro kidogo. Gari moja, mkopo mmoja, tofauti shilingi 177,000. Ile asilimia 3 yake ukiihesabu juu ya salio inakaribia asilimia 5 kwa mwezi. Kwa hiyo usimwulize mtu riba yake ni ngapi. Mwulize inahesabiwa juu ya nini, kisha umwambie akuandikie jumla ya shilingi zote utakazokuwa umetoa mpaka siku ya mwisho, pamoja na ada ya kushughulikia mkopo, ada ya mthamini, ada ya kubadilisha umiliki na kile kifaa cha kufuatilia gari. Akisita kuandika, umeshajibiwa, ondoka.

Kifaa hicho nacho mkifahamu. Hufungwa ndani ya gari kwa gharama yako, na vingine vinaweza kulizima gari mbali na mwenye nalo. Chini ya sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, mkopeshaji husajili haki yake juu ya gari, na jina lake huingia kwenye logibuku pamoja na lako. Ukichelewa, watu wa mnada wanajua umeegesha wapi. Gari linapigwa bei chini ya thamani, mauzo hayafiki deni, na salio linabaki lako. Hapo mtu hulipia gari analoendesha mwingine. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na huko ndiko matanga yenyewe.

Kuna wanaonijibu kwamba gari litajilipa: baada ya zamu nitaliingiza kwenye programu ya teksi, jioni na wikendi. Sikatai, wapo wanaofanya hivyo kati ya Thika na Juja. Lakini umekata bima ya gari la kibinafsi. Siku ukigongwa pale Blue Post na abiria wa kulipa ndani, kampuni ya bima itauliza gari lilikuwa kazini kwa kibali gani, na ina haki ya kukataa. Unahitaji leseni ya dereva wa magari ya umma, cheti cha polisi cha tabia njema, na bima ya biashara ambayo ni ghali zaidi. Kampuni ya teksi nayo huchukua sehemu yake. Kanuni za NTSA za 2022 ziliizuia isipite asilimia 18, lakini 18 ni 18. Na wewe ni binadamu. Mtu aliyesimama kwenye mashine saa kumi na mbili kisha akaingia Barabara Kuu ya Thika usiku, pale Githurai watu wanapovuka chini ya daraja badala ya juu yake, huyo anahitaji kitanda kuliko abiria.

Nasi wa Thika tusijifanye kazi ni ya milele. Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika, viwanda vya nguo vya mji huu vilipunguza watu kwa mamia. Mwaka 2020 korona ilipoingia, zamu zilikatwa katikati ya wiki bila mtu kuulizwa. Deni la miezi 48 ni ahadi juu ya miaka minne ya kiwanda ambacho si chako. Kabla ya kutia sahihi, uwe na akiba ya kulipa miezi mitatu bila mshahara, na akiba hiyo isiwe ile uliyoweka kama malipo ya kwanza.

Sasa ninavyoshauri mimi, na anayetaka achukue. Jiunge na chama cha akiba chenye leseni ya SASRA. Vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Ukiweka 5,000 kila mwezi, kwa miezi 20 una 100,000, na mlango wa 300,000 uko wazi. Ukilipa kwa miezi 36, kwa ile asilimia 1 juu ya salio, ni 9,964 kwa mwezi, huku akiba yako ikiendelea kukatwa. Gari litakuwa dogo na la zamani zaidi, tena lililokwisha kutembea barabara za Kenya. Uzuri wake ni kwamba logibuku ni lako, hakuna kifaa kilichofichwa chini ya dashibodi, na bima unachagua mwenyewe.

Wakati unaweka akiba, jaribu maisha ya mwenye gari kabla gari halijaja. Kila mwezi, kwa miezi sita, toa pesa ya mkopo, ya mafuta na ya bima, uziweke mahali usipozigusa, halafu uishi kwa kilichobaki. Endelea kupanda matatu. Ukifika tarehe 18 umeshakopa kwa mwenye duka, umejua jibu bila kupoteza hata shilingi, na zile ulizoweka ni zako.

Kwenye chama utahitaji wadhamini. Hapa nitakuwa mkali, maana ndipo nilipoona machozi mengi. Anayekudhamini amefunga akiba yake. Ukiacha kulipa, atakatwa yeye, mwenzako wa zamu, mama wa watoto watatu uliyemwomba sahihi wakati wa chai. Usiende kwake na fomu tupu. Mwonyeshe hesabu yako yote, na gari lenyewe mwonyeshe. Naye akikataa, usimnunie.

Ukinunua gari lililotumika kwa mtu, usilipe hata arubuni kabla ya kutafuta namba yake kwenye mfumo wa NTSA na kwenye rejista ile ya dhamana. Rangi inayong'aa haikuonyeshi kama lina mkopo wa mtu. Lipitishe kwa fundi wako, si fundi wa dalali.

Na siku utakapomaliza deni, kama ulikopa kwa benki au kwa hao wa ghorofani, usirudi nyumbani kusherehekea kwanza. Dai barua kwamba hudaiwi, wafute dhamana yao kwenye rejista, na waondoe jina lao kwenye logibuku kupitia NTSA. Wengi huacha, wakidhani mambo hayo hujifuta yenyewe. Miaka mitatu baadaye wanataka kuuza gari walipie karo, mnunuzi yuko tayari na pesa mkononi, na jina la mkopeshaji bado limo.